Modeli za plastiki hewani mwa Lamu: kuunga na kupaka rangi

Karatasi ya maelekezo inayokuja ndani ya boksi la modeli husema uache rangi ikauke kwa muda fulani, kisha uendelee. Muda huo umepimwa kwenye hewa ya watu wengine. Lamu, rangi ileile hukauka upesi mno alasiri ya kaskazi na hugoma kukauka asubuhi ya masika, na vanishi iliyotoka safi jana leo inatoka na ukungu mweupe. Kukata na kuunga hujifunza mtu yeyote mwenye subira. Kinachoharibu kazi nyingi hapa ni unyevu, chumvi na upepo, na ndivyo vitakavyopewa nafasi kubwa katika mwongozo huu.

Kuchagua seti

Kipimo cha 1:72 maana yake sentimita moja ya modeli ni sentimita 72 za kitu chenyewe. Jahazi la mita 15 kwa kipimo hicho ni kama sentimita 21. Ndege ya kivita ya Spitfire, ambayo mabawa yake yalikuwa na upana wa mita 11.23, huwa sentimita 15.6 kwa 1:72 na sentimita 23.4 kwa 1:48. Mtu wa mita 1.70 ni sentimita 2.4 kwa 1:72, sentimita 3.5 kwa 1:48, na karibu sentimita 4.9 kwa 1:35, kipimo cha vifaru na magari ya jeshi. Hicho cha 1:35 kina asili ya kuchekesha: kampuni ya Kijapani ya Tamiya ilipotoa kifaru cha Panther mwanzoni mwa miaka ya 1960, ukubwa wake ulipangwa ili betri za kuendesha mota zienee ndani, na kipimo kikabaki mpaka leo. Meli kubwa za chuma huundwa kwa 1:350 au 1:700. Kwa 1:700 lile jahazi letu lingekuwa na urefu wa kijiti cha kibiriti kilichokatwa nusu.

Kwa modeli ya kwanza chukua ndege ya injini moja, kipimo cha 1:72, yenye vipande 40 hadi 70. Ndege za mabawa mawili juu na chini, zenye kamba baina yake, ziache kwanza. Kifaru husamehe makosa ya rangi kwa sababu tope huficha mengi, lakini magurudumu yake yakikutana na msasa yatakuchosha kabla hujafika kwenye rangi. Jahazi la tanga la plastiki lenye kamba nyingi ndilo linalowavutia watu wa pwani, nalo ndilo linaloachwa nusu kuliko yote.

Usitarajie kuikuta seti dukani mjini. Huagizwa Nairobi au Mombasa, hufika Mokowe kwa basi, kisha huvuka kwa boti. Ndani ya basi mna joto kali, na plastiki nyembamba hupinda. Siku boksi litakapofika, lifungue. Hesabu fremu zote, yaani vijiti vya plastiki vinavyoshikilia vipande, ukizilinganisha na mchoro wa kwanza wa karatasi, na utazame mabawa na sakafu za meli kwa kuzilaza juu ya kioo. Kipande kilichopinda kitie kwenye maji ya moto ambayo kidole hakivumilii lakini hayachemki, sekunde 20 hadi 30, kinyooshe taratibu, kisha kizamishe kwenye maji baridi huku umekishika. Yakichemka, kipande kitalegea na kupoteza umbo.

Vipande vya kioo vifunge peke yake kwenye karatasi laini. Stika za maji, zile alama zinazoloweshwa na kubandikwa juu ya rangi, zitoe boksini siku hiyohiyo, uzitie kwenye mfuko wa plastiki unaofungwa, pamoja na kipakiti cha jeli ya silika, kile kinachokuja ndani ya mabegi na viatu vipya. Stika ndicho kitu cha kwanza kufa Lamu. Unyevu huamsha gundi yake, karatasi ya juu ikashikamana nayo, na huwezi kuitoa tena bila kuichana.

Vifaa

Unahitaji koleo dogo la kukatia lenye upande mmoja bapa, kisu chembamba cha kubadilisha wembe, kibano, tupa ndogo bapa, na msasa wa maji wa namba 400, 600, 1000 na 2000. Vibanio vya nguo vya mbao vinatosha kushikia vipande vinapounganishwa. Mkanda wa karatasi wa wapaka rangi hupatikana hadiwea, ila ukingo wake umechakaa kwa vumbi. Ubandike juu ya kioo, uukate ukingo mpya kwa wembe na rula, kisha uutumie. Brashi tatu zatosha kuanzia: bapa ya namba 6, na za ncha za namba 2 na 0. Brashi ya bei nafuu inayomwaga nywele itakugharimu zaidi.

Kukata na kuosha

Osha fremu zote kabla ya kukata lolote. Maji ya vuguvugu, tone la sabuni ya vyombo, mswaki mkuukuu. Kiwandani kalibu hupakwa mafuta ili plastiki itoke, na mafuta hayo yakibaki rangi haishiki. Suuza, uache zikauke kivulini.

Kata mara mbili. Mkato wa kwanza uache milimita 2 za shina kwenye kipande, wa pili ukikaribie kipande chenyewe, kisha malizia kwa msasa wa 400 na 600. Ukikata karibu mara moja, plastiki hung'oka na kuacha shimo au doa jeupe la mkazo. Usikate vipande vyote kwa pamoja ukavimwaga mezani. Kata vya hatua unayoifanya tu, kwa sababu namba imeandikwa kwenye fremu, si kwenye kipande.

Gundi

Gundi nyembamba ya maji inayokuja na brashi ndani ya kifuniko ndiyo bora. Haibandiki tu: huyeyusha plastiki ya pande zote mbili zikawa kitu kimoja. Shika vipande viwili vikiwa vimekutana, gusa mshono kwa ncha ya brashi, na gundi itatambaa yenyewe ndani ya ufa. Gundi nzito ya bomba ina faida moja tu, inakupa muda wa kusogeza. Ikizidi inafurika na kuacha alama za vidole ambazo hazifutiki.

Kabla ya kutia gundi yoyote, jaribu vipande vikavu. Mabawa hayakutani? Tazama ndani: mara nyingi ni mkia mdogo wa plastiki au alama ya kalibu inayozuia, nayo huondoka kwa kupita tupa mara mbili.

Gundi ya papo hapo, ile ya supagluu, ni kwa chuma na resini. Unyevu ndio unaoikausha, hivyo hapa hukamata haraka kuliko karatasi isemavyo, na chupa iliyofunguliwa hugeuka jiwe upesi. Iweke ndani ya kopo linalofunga vizuri pamoja na jeli ya silika. Usiitumie kamwe kwenye kioo cha rubani, kwa kuwa mvuke wake hukutana na unyevu ukaacha ukungu mweupe usiofutika. Kioo kibandike kwa gundi nyeupe ya mbao. Ikikauka haionekani, na ikikosea huondoka kwa maji.

Mishono

Hapa ndipo modeli nzuri hutofautiana na mbaya. Nusu mbili za kiwiliwili zikiunganishwa, bana mpaka plastiki laini itoke kidogo kwenye mshono mithili ya uzi. Iache saa 24. Msimu wa masika ongeza siku. Ukipiga msasa mapema, plastiki ambayo bado ni laini ndani itaendelea kunywea, na baada ya wiki utaona mfereji ule ule umerudi chini ya rangi uliyoshamaliza.

Ufa uliobaki ujaze fila, yaani uji mzito wa kuziba nyufa, safu mbili nyembamba. Safu moja nene hunywea kwa kuwa kimiminika chake kinatoka. Fila ya magari inaweza kutumika kwa unene mdogo sana, ila ile yenye thina kali hula plastiki. Piga msasa wenye maji, 600 kisha 1000, ukifuata umbo la kitu, si kukipiga bapa. Mistari ya mabamba, ile mifereji myembamba inayoonyesha mabati yalipokutana, ikifutika, ichonge upya kwa ncha ya sindano ukiongozwa na mkanda mgumu. Praima ya kijivu, rangi ya msingi inayotangulia nyingine, itakufichulia kila kosa. Ukiona kosa baada ya praima, rudi nyuma, maana rangi haijawahi kuficha mshono.

Maji ya kusugulia na ya kuoshea

Maji ya visima vingi vya mji yana chumvi. Yakikauka juu ya plastiki huacha michirizi myeupe, na chini ya stika michirizi hiyo hubaki milele. Kwa msasa, kusuuza, kuchanganya rangi za maji na kulowesha stika, tumia maji ya chupa au ya mvua. Mtungi wa lita 5 wakutosha modeli kadhaa.

Mikono nayo. Jasho la pwani lina chumvi, na mtu hushika modeli mara mia. Kabla ya praima ifute yote kwa kitambaa kilicholoweshwa spiriti safi ya isopropili, kisha usiishike tena ila kwa kijiti ulichokichomeka tunduni. Spiriti ya kupaka inayouzwa kwa dawa huenda imetiwa mafuta, nayo huacha utando; soma lebo.

Saa ya kupaka rangi

Nunua kipima unyevu kidogo. Ni chombo cha bei nafuu, na Lamu kina kazi kuliko eabrashi, kalamu ya kupulizia rangi, yenyewe. Kikisoma zaidi ya asilimia 80, usipulizie kitu chochote kinachong'aa. Kati ya 70 na 80 pulizia praima na rangi zisizong'aa tu. Chini ya 70, fanya kazi.

Alfajiri hewa imelowa umande na kipimo kiko juu. Alasiri upepo wa bahari umeamka, unaleta vumbi la chokaa kutoka kuta za matumbawe na kukausha rangi kabla haijatua. Katikati yake, saa tatu hadi saa tano asubuhi, ndiyo nafasi yako. Usipulizie darini wala kwenye daka, ule ukumbi wa mlangoni, hata kama ndiko kwenye hewa. Kaa chumbani karibu na dirisha, na upepo uwe mgongoni mwako ukielekea nje dirishani. Vaa barakoa ya kichujio cha mvuke. Ile ya kitambaa haizuii mvuke.

Kwa mwaka mzima, mpangilio wenye busara ni huu: masika, hasa mwezi wa Mei, kata, unga, jaza fila na piga msasa. Rundika modeli tatu au nne zilizokwisha kuungwa. Kaskazi ikianza kutulia na anga kukauka, Desemba hadi Machi, zipake zote. Anayelazimisha vanishi ya kung'aa siku ya mvua ataifanya mara mbili.

Rangi kwa brashi

Umeme hukatika, kompresa, mashine ya hewa ya eabrashi, ni ghali, na brashi hutoa kazi nzuri sana kama rangi ni ya kufaa. Akriliki ya maji kama ya kampuni ya Vallejo hukubali brashi: ongeza maji asilimia 10 hadi 20, tia tone moja la kichelewesha ukavu kwa kila matone kumi ya rangi, kwa sababu joto la hapa huikausha brashini kabla ya kufika mwisho wa bawa. Paka safu tatu nyembamba. Ya kwanza itaonekana mbaya, ya pili mabaka, ya tatu hufunika. Kati ya safu na safu acha angalau nusu saa. Akriliki ya Tamiya ni ya spiriti. Kwa brashi, safu ya pili hung'oa ya kwanza. Hiyo iachie eabrashi.

Rangi ya enameli hutandaza vizuri na kuficha alama za brashi, ila huchukua saa 24 hadi 48 kukauka. Ifunike kwa bakuli la plastiki lililoinuliwa kidogo upande mmoja, vumbi lisiketi juu yake.

Rangi kwa eabrashi

Eabrashi ni kalamu ya kupulizia rangi kwa upepo wa kompresa. Akriliki ya Tamiya ichanganye na thina yake sawa kwa sawa, shinikizo la baa 1 hadi 1.5, umbali wa sentimita 5 hadi 10. Anza kupulizia nje ya kipande, pita juu yake, uishie nje.

Makosa mawili yanayotokea Lamu kuliko mengine yanafanana kwa mbali lakini sababu zake ni kinyume. La kwanza ni rangi kutua kavu: uso unakuwa rafu kama mchanga mwembamba. Matone yamekauka hewani. Sogea karibu, ongeza thina au kichelewesha, ondoka kwenye upepo. Uso ulioshakuwa hivyo usugue kwa msasa wa 2000 wenye maji, kisha pulizia tena. La pili ni ukungu mweupe kwenye vanishi au laka, rangi ya thina kali inayokauka upesi. Thina inapotoka kwa haraka hupoza uso, uso baridi hukamata maji ya hewani kama kioo cha soda, na maji hayo hunaswa ndani ya utando. Usilifunike kwa safu nyingine. Ngoja siku kavu, upulizie ukungu mwembamba wa thina ya laka yenye kichelewesha, na utando utafunguka na kujifunga upya ukiwa wazi.

Kisha kuna maji ndani ya mpira wa hewa. Kompresa ikibana hewa yenye unyevu wa asilimia 80, maji hujitenga, na bila taarifa kalamu hutema tone katikati ya bawa. Mtego wa maji uufunge mwisho wa mpira, karibu na kalamu, kwa kuwa hewa inaendelea kupoa na kuacha maji njia nzima. Tangi limwage maji kila unapomaliza kazi.

Makopo ya kunyunyizia rangi ya magari yana thina kali. Rangi hiyo ikipulizwa nzito, plastiki tupu hupata nyufa ndogondogo. Jaribu kwanza kwenye fremu iliyobaki, kwa umbali wa sentimita 25, mipito mepesi. Wala usiliache kopo juani kwenye dirisha.

Stika za maji

Paka vanishi ya kung'aa kwanza, hata kama modeli itamalizika bila mng'ao. Uso usiong'aa una vishimo vinavyonasa hewa chini ya stika, nayo hung'aa kama fedha ikitazamwa upande. Lowesha stika sekunde 15, iweke kando dakika moja, iteleze mahali pake, sukuma maji kwa brashi yenye unyevu. Kwa kuilainisha juu ya mikunjo kuna dawa maalumu. Siki nyeupe iliyokatwa kwa maji nusu kwa nusu husaidia pale ambapo mkunjo si mkubwa. Stika zilizogeuka manjano zibandike ndani ya kioo cha dirisha linalopigwa na jua, kwenye mfuko wake, ili jua liyatoe manjano, uzikague kila siku. Jua la hapa lina nguvu, likizidi hula na rangi nyekundu.

Uchakavu na kutu

Rangi ya mafuta ya wasanii, kahawia iliyoungua na nyeusi kidogo, changanya na tapentaini mpaka iwe nyepesi kama chai. Gusa mistari ya mabamba kwa brashi ya 0 uiache itambae, ngoja dakika 20, futa kwa kufuata upande ambao mvua ingeteremkia. Safu ya chini iwe akriliki iliyofunikwa kwa vanishi, la sivyo tapentaini itaigusa.

Watu wengi hutia kutu kila mahali. Nenda ufukweni wakati wa maji kupwa, utazame vyombo vilivyolazwa. Kutu huanza penye msumari, penye mnyororo na penye mkwaruzo, kisha hushuka kwa mchirizi mwembamba unaofifia. Kwingine kote rangi imepauka tu, zaidi upande wa juu unaopigwa na jua. Juu ya mstari wa maji kuna utepe wa chumvi, chini yake kijani cha mwani. Mambo hayo manne, kwa wastani, yanatosha meli ya kipimo chochote.

Mbinu ya kunyunyiza chumvi ya jikoni kabla ya rangi ya juu, ili ikitolewa rangi ionekane imebanduka, hapa haiaminiki. Chumvi huanza kuyeyuka yenyewe unyevu unapozidi asilimia 75, na chembe zilizokuwa na kingo kali huwa madimbwi. Tumia kipande cha sponji kilichochovywa rangi na kufutwa karibu chote kwenye karatasi, uguse kingo tu.

Kamba na chuma

Uzi wa pamba hukaza ukilowa na kulegea ukikauka. Mlingoti wa plastiki hauwezi mvutano huo. Tumia uzi wa polista, au mshipi wa nailoni wa milimita 0.1 uliopakwa rangi. Vipande vya shaba vilivyochongwa kwa asidi vioshe kwa siki, suuza, tia praima ya chuma siku hiyohiyo. Vikikaa wiki moja wazi hupata kutu ya kijani. Pini za chuma cha kawaida usizizike ndani ya modeli.

Kuweka

Zidaka, vishubaka vya ukutani, za nyumba za kale zinaonekana kama zilichongwa kwa ajili ya modeli, lakini zina hila tatu: chokaa hudondoka, mjusi kafiri hana adabu, na baadhi hupigwa na jua la asubuhi moja kwa moja. Weka sanduku la kioo au akriliki ndani ya kidaka, chini yake kipakiti cha silika unachokibadilisha kikiisha nguvu. Modeli iliyo wazi hukusanya vumbi lenye chumvi, na vumbi hilo siku za unyevu hulowa na kushika kama gundi. Usilifute kavu, litakwaruza vanishi. Kila baada ya miezi mitatu pita kwa brashi laini pana, kisha brashi iliyolowa kidogo maji ya chupa, na uiache ikauke kivulini kabla ya kuifungia. Antena na mizinga midogo ipite mwisho, kwa brashi ya 0, kutoka shinani kwenda nchani.